UZI: Vitu tunavyoambiana "Kanisa limekataza", ipi ni sheria na ipi ni mazoea yetu tu? Tusaidiane

kijana_wa_jumuiya (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Nina jambo limenikaa rohoni tangu Dominika iliyopita na nimeshindwa kulibeba peke yangu. Mama yangu ana miaka 82, ana kisukari, kila asubuhi lazima apate uji kidogo ndo anywe dawa la sivyo anaanza kutetemeka. Kwetu misa ya kwanza ni saa 12 na nusu asubuhi. Sasa huu ni mwaka namuona wakati wa komunyo amekaa kwenye benchi, watu wanampita wanaenda, yeye ameshika rozari yake tu. Nikawa najua labda kuna jambo lake la moyoni, mambo ya mtu na Mungu wake, sikutaka kumuuliza. Dominika tunarudi nyumbani ndo kaniambia mwenyewe, "mwanangu mimi nimeshakula, nitampokeaje Bwana na uji tumboni?"

Kumbe yeye alipata komunyo ya kwanza mwaka 1952 na masista waliwafundisha kuanzia saa sita ya usiku hakuna kitu kupita kooni hata tone la maji. Akalishika hilo. Zamani alikua anaweza, hii ya kisukari ilipoanza akaona bora akae. Mwaka mzima hajapokea kwa ajili ya kikombe cha uji!

Nilimuuliza katekista wetu akaniambia mama yako hafungwi na hiyo kitu kabisa. Ndugu zangu nililia. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ndo katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki hapa mtaani, mimi ndo nasimama mbele ya watu nasema hiki ruksa hiki hairuhusiwi, na ukiniuliza nimetoa wapi nitakwambia nimesikia.

Kwa hiyo naomba wanaojua watusaidie kwa uhakika, sio kwa kusikia. Maswali niliyo nayo: kufunga kabla ya komunyo kukoje hasa. Mtu akichelewa misa akakuta Injili imeshasomwa apokee au asipokee. Misa ya mazishi, kwa nini Kwaresima hii mwanajumuiya wetu alizikwa Dominika bila misa mpaka ndugu wakasema tumewadharau. Wasimamizi wa ubatizo. Na hizi rozari zilizokatika na matawi ya mwaka jana tunayafanyaje, maana kwangu zimejaa droo nzima naogopa kutupa. Mwingine mwenye lake aongeze. Sitaki tumseme padre wala parokia ya mtu, tujue tu.

---

katekista_mstaafu

Milele Amina. Mwanangu kwanza usijilaumu, mama yako alishika alichofundishwa na kwa wakati ule kilikua sahihi kabisa. Mwaka 1952 sheria ilikua hivyo hivyo, usiku wa manane mpaka komunyo, hata maji. Mimi mwenyewe nimezikuta hadithi za wazee waliotembea kilomita kwa kilomita kutoka kigangoni hadi misioni na njaa, wapokee ndo wale.

Ikaanza kulegezwa kidogo kidogo. Mwaka 1953 Papa Pius wa XII alisema maji hayavunji tena mfungo. Mwaka 1957 Papa huyo huyo akaweka masaa matatu kwa chakula na lisaa limoja kwa vinywaji visivyo pombe. Mwaka 1964 Papa Paulo wa VI akashusha ikawa lisaa limoja basi. Na Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 919, ndo tunayoifuata mpaka leo: lisaa limoja kabla ya KUPOKEA, usile wala usinywe, isipokua maji na dawa.

Hapo kwenye KUPOKEA nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Lisaa linahesabiwa mpaka unapopokea, sio mpaka misa inapoanza. Misa ya 12 na nusu, kwa jinsi tunavyoimba sisi na matangazo yetu, komunyo ni saa moja na dakika arobaini huko. Mtu mzima mwenye afya akinywa chai saa 12 kamili hajavunja chochote.

Alafu kanuni hiyo hiyo inaendelea kwamba wazee, wagonjwa, na WANAOWAUGUZA wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya hilo lisaa. Kwa hiyo mama yako ameruhusiwa mara mbili, kwa uzee na kwa ugonjwa. Na wewe unayemwandalia huo uji ukibanwa na muda ukala naye, nawe umo.

---

soprano_ya_pili

Mwalimu shikamoo. Sisi wanakwaya tuna swali letu hapo hapo. Kabla ya misa huwa tunatafuna tangawizi mbichi kulainisha koo, wengine pipi, wengine big g, na katikati ya misa mtu anaongeza. Kuna dada kwenye kwaya yetu alimkatalia mwenzake asipokee sababu alimuona anamung'unya pipi wakati wa mahubiri, ikawa maneno wiki nzima.

---

katekista_mstaafu

Marahaba binti. Pipi ni chakula, tangawizi ukimeza maji yake ni chakula. Ukimeza wakati wa mahubiri lisaa halijatimia. Beba chupa ya maji ya uvuguvugu, maji hayana shida muda wowote. Kama una kikohozi kweli na ile ya kumung'unya umepewa kama dawa ya koo hiyo ni dawa, dhamiri yako inajua. Big g hata kama hujameza kitu, humo kanisani sio mahali pake, hapo siongelei sheria naongelea heshima.

Lakini huyo dada aliyemkatalia mwenzake alikosea zaidi ya mla pipi. Kazi ya kuzuia mtu asipokee haijapewa kwaya. Ungemwambia taratibu baada ya misa.

---

Baba_Wawili

Kwenye kuchelewa mimi nimekua nikijua ukikuta Injili imeshaanza misa yako imekufa, huruhusiwi kupokea na inabidi usubiri misa ya pili. Babu yangu alikua anasema ukikuta vipaji (mkate na divai) vinapelekwa altareni ndo misa imekufa. Sasa mnayejua mstari uko wapi?

---

mseminari_wa_zamani

Kaka mstari haupo. Nilisoma seminari miaka kadhaa kabla sijatoka na hili tuliliuliza sana. Vitabu vya zamani vya maadili vilikua vinapima ubaya wa kuchelewa, kwamba ukikosa sehemu ya mwanzo kabla ya vipaji ni kosa dogo, ukikosa zaidi ya hapo ni kubwa. Babu yako hakusema uongo, alikua amesikia hayo. Baadae watu wakayahamishia kwenye Injili, na wakayageuza yakawa adhabu ya kunyimwa komunyo ambayo hata wale wa zamani hawakuimaanisha hivyo.

Sheria ya sasa inasema ushiriki Misa, na Misa ni kitu kimoja, Neno na Ekaristi vinaenda pamoja. Hakuna kanuni inayotaja dakika. Kwa hiyo jiulize umechelewa kwa nini. Umeamka mapema, daladala imeharibika njiani, mtoto kaugua, umefika watu wanasali Nasadiki? Ingia, shiriki, pokea kama uko katika hali ya neema. Umechelewa kwa sababu uliamua kumalizia usingizi, hilo ungama, na kama kuna misa nyingine na unaweza kaa uisali yote. Kinachozuia komunyo ni dhambi kubwa ambayo hujaiungama, kanuni ya 916, sio saa ya ukutani.

Na kwa wale wanaopenda kusali misa mbili Dominika, wanakwaya hasa: unaweza kupokea mara ya pili siku hiyo hiyo ila iwe ndani ya misa unayoshiriki (kanuni ya 917). Ya tatu hapana, labda mtu yuko hatarini kufa.

---

Mama_WAWATA

Mimi nichangie kwenye msiba maana hili lilinikuta kwenye familia. Shemeji yangu alifariki Dar, mwili ukafika mkoani Jumamosi usiku, mazishi Dominika kwa sababu watu Jumatatu wanarudi makazini. Ilikua Dominika ya tatu ya Kwaresima. Padre akaja, akafanya ibada ya Neno, akabariki kaburi, hakuna misa. Dada yake marehemu akasimama pale pale makaburini akasema kwa sauti, "ni kwa sababu alikua na deni la zaka". Mpaka leo haendi jumuiya. Na sisi viongozi hatukua na jibu la kumpa, tukakaa kimya, kile kimya chetu ndo kikamthibitishia.

---

mseminari_wa_zamani

Pole sana mama. Jibu lilikuwepo na ni fupi, linauma tu kwamba hakuna aliyewaambia kabla.

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi namba 380 yanataja siku ambazo Misa ya mazishi haiadhimishwi, hata afe askofu: sherehe za amri (zile za lazima kwenda misa), Alhamisi Kuu, Siku Tatu Kuu za Pasaka, na Dominika za Majilio, Kwaresima na kipindi cha Pasaka. Dominika za kawaida, zile za kijani, hazimo kwenye hilo katazo. Sio kwamba marehemu kakataliwa. Siku hizo zina adhimisho lake ambalo halipishi kitu kingine. Mazishi yanafanyika, kwa ibada ya Neno kama alivyofanya padre wenu, na Misa ya kumwombea inaadhimishwa siku nyingine.

Kwa hiyo kwa viongozi wa jumuiya, mkikaa kikao cha msiba na familia inasema "tunazika Dominika", angalieni kalenda HAPO HAPO, kabla hata jeneza halijanunuliwa. Waambieni ndugu: mkizika Jumamosi misa ipo, mkizika Dominika hii ibada ipo ila misa itakua Jumanne. Wachague wenyewe wakijua. Na waambieni pia kwamba Misa ya parokia ya asubuhi hiyo ya Dominika inaweza kuwa na nia ya kumwombea huyo marehemu, mwende mkamwone paroko tu. Hasira yote ile inatokana na watu kuambiwa wakiwa wameshafika kanisani na jeneza.

---

mwana_wa_marehemu

Samahanini mimi naongea kwa uchungu. Hiyo ya kalenda naielewa. Ila kuna ya zaka kweli ipo msiseme haipo. Baba yangu alikua mgonjwa miaka miwili hajatoka ndani, jumuiya wakasema hatumuoni, kadi ya zaka haijajazwa, alipofariki hakuja katekista wala nani, tulisali rozari wenyewe na majirani tukamzika. Alibatizwa, alifunga ndoa kanisani, alijenga kigango kile kwa mikono yake. Nataka mtu aniambie hiyo ni sheria ipi.

---

katekista_mstaafu

Pole sana mwanangu. Nimesoma mara mbili ulichoandika kabla sijajibu.

Hakuna sheria hiyo. Wanaonyimwa mazishi ya Kanisa wametajwa kwenye kanuni ya 1184, na ni watatu tu: walioasi imani hadharani au kujitenga na Kanisa kwa wazi, waliochagua mwili uchomwe kwa sababu za kupinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungekwaza waumini. Na hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Kukiwa na mashaka anaulizwa askofu wa mahali. Sio mwenyekiti wa jumuiya, sio mimi katekista.

Na kuhusu pesa, kanuni ya 1181 inasema wazi maskini wasinyimwe mazishi wanayostahili, na ya 848 inasema hivyo hivyo kwa sakramenti. Kulitegemeza Kanisa ni wajibu wetu (222), zaka tutoe, nimehimiza watu watoe maisha yangu yote na nitaendelea. Lakini huo ni wajibu wa mtu aliye hai, hatuugeuzi kuwa bei ya kaburi.

Tena baba yako alikua mgonjwa ndani miaka miwili. Jumuiya ndo ilipaswa kumwendea yeye, kumpelekea komunyo, kumwitia padre wa mpako wa wagonjwa. Kwa niaba ya wengi tuliofanya kazi hii naomba radhi.

Cha kufanya sasa, maana bado kipo: nenda kwa paroko wewe mwenyewe usipitie kwa mtu, mweleze kama ulivyotueleza, omba Misa ya kumwombea baba na umwombe aje abariki kaburi. Hilo linawezekana hata miaka ikiwa imepita.

---

Mwenyekiti_Kanda

Naomba niseme upande wa pili sio kwa kutetea alichofanyiwa huyu ndugu, hapana, kile ni kibaya. Ila mjue ile barua ya jumuiya, ya kumtambulisha marehemu kwa padre, ina sababu. Parokia za mjini zina maelfu ya waumini, paroko hawezi kumjua kila mtu, anapigiwa simu saa tano usiku kuna msiba, marehemu ni Mkatoliki? Alibatizwa wapi? Nani anamfahamu? Jumuiya ndo macho ya padre. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki) miaka ile ya 70 walipochagua njia ya jumuiya ndogo ndogo walitaka Kanisa liwe jirani na mtu nyumbani kwake. Shida imeingia pale barua ya kumtambulisha mtu ilipogeuka kuwa barua ya kumhukumu. Kwenye kanda yetu tulikubaliana barua iandike mambo mawili tu: huyu ni nani na familia yake ni ipi. Mambo ya mahudhurio na michango tuliyatoa.

---

mwana_wa_marehemu

Asante mwalimu. Asante mwenyekiti. Nitaenda wiki hii.

---

dada_wa_Muscat

Tumsifu Yesu Kristo. Mie niko Oman kazi za ndani. Ofu yangu ni Ijumaa na sio kila Ijumaa, tajiri akipenda. Kanisa lipo Ruwi naenda nikiweza, nakuta misa ya Ijumaa inasomwa masomo ya Dominika. Dominika yenyewe niko kazini tangu alfajiri. Nimekaa miaka mitatu nikijihesabu kila Dominika ni dhambi ya mauti, nikifika kanisani naogopa kupokea bila kuungama na foleni ya kuungama ni ndefu, nikiingia kwenye foleni muda unaisha dereva anapiga simu. Naomba msinihukumu.

---

mseminari_wa_zamani

Dada hakuna wa kukuhukumu hapa. Amri ya Dominika inamfunga anayeweza. Mtu aliyezuiliwa na sababu nzito, ugonjwa, kulea mtoto mchanga, kazi asiyoweza kuikataa, hana dhambi, na Katekisimu inalisema hilo kwenye namba 2181. Wewe huchagui kukosa. Hizo Dominika zote ulizokua unazihesabu, zifute.

Kwa hiyo kama hakuna dhambi nyingine kubwa moyoni, ukifika Ruwi hiyo Ijumaa nenda kapokee, usikae kwenye foleni kwa ajili ya hilo. Parokia nyingi za Ghuba zinaweka masomo ya Dominika siku ya Ijumaa kwa sababu hiyo hiyo, wanajua watu wao wanapumzika lini. Na paroko ana uwezo wa kumwondolea mtu wajibu huo kwa sababu ya haki au kumbadilishia na tendo lingine jema, kanuni ya 1245, kwa hiyo siku ukipata dakika tano mwambie hali yako akuweke huru kwa mdomo wake mwenyewe, utalala usingizi.

Dominika yenyewe ukiwa kazini, sali kidogo. Soma Injili ya siku kwenye simu. Sheria inapendekeza hivyo kwa wasioweza kufika. Kusikiliza misa ya Radio Maria hakuhesabiwi kuwa umeshiriki misa, ila wewe hudaiwi misa siku hiyo, kwa hiyo sikiliza kwa amani kama sala.

---

dada_wa_Muscat

Mungu akubariki kaka. Nimeisoma mara nne.

---

soprano_ya_pili

Nirudi na la Kwaresima. Mwalimu wetu wa kwaya anasema ngoma, kayamba na kinanda vyote vinafungwa kabatini mpaka Pasaka. Parokia ya jirani wanapiga kinanda kama kawaida. Nani yuko sawa?

---

katekista_mstaafu

Maelekezo ya Misale (313) yanasema Kwaresima vyombo vinapigwa kwa kusindikiza uimbaji TU. Yani kinanda kikishika sauti ya waimbaji ruksa, kinanda kupiga peke yake wakati watu wanatoa sadaka hapana. Dominika ya nne, ile ya furaha ya rangi ya waridi, pamoja na sherehe na sikukuu, mnaachiwa. Maua altareni hivyo hivyo. Mwalimu wenu akiamua kufunga vyote anaweza, kwa kuzidisha toba, na kuimba bila chombo ni kuzuri sana mkifanya mazoezi, ila asiseme wa jirani wamevunja sheria.

Na msisahau 19 Machi Mtakatifu Yosefu na 25 Machi Kupashwa Habari. Ni sherehe, wimbo wa Utukufu unaimbwa katikati ya Kwaresima. Kila mwaka kuna kwaya inashtukizwa na padre anaanzisha Utukufu hawajajiandaa. Aleluya hapana hata siku hizo.

---

Baba_Wawili

Wasimamizi bado hamjamjibu mleta uzi na mimi nalihitaji, mwanangu anabatizwa mkesha wa Pasaka. Nina rafiki yangu wa damu ni Mlutheri na ndo aliyenisaidia wakati mke wangu anajifungua, nataka awe baba wa ubatizo. Nimeambiwa haiwezekani.

---

mseminari_wa_zamani

Kama msimamizi peke yake haiwezekani. Kama SHAHIDI wa ubatizo, akiwa pamoja na msimamizi Mkatoliki, inawezekana kabisa, kanuni ya 874 kifungu cha pili. Atasimama pale na ataandikwa kama shahidi. Msimamizi Mkatoliki awe ametimiza miaka 16, ana kipaimara na Ekaristi, anaishi imani, na asiwe baba au mama wa mtoto. Awe mmoja, au wawili mwanaume na mwanamke. Wanaume wawili au wanawake wawili hapana, hilo watu wanalikosea sana na wanakuja kugundua siku ya semina.

Mweleze rafiki yako vizuri mapema, asije akasikia kwa katekista mlangoni siku ya mkesha. Msimamizi anaahidi kumlea mtoto katika imani ya Kikatoliki, na hatuwezi kumwahidisha mtu imani ambayo sio yake. Akiambiwa hivyo na wewe rafiki yake atakuelewa.

---

Mama_WAWATA

Rozari na matawi naweza. Kitu kilichobarikiwa kikichakaa hakitupwi jalalani, kinachomwa au kinazikwa ardhini. Rozari za plastiki mimi nachimba pembeni ya maua nafukia, sanamu iliyovunjika hivyo hivyo. Vitabu vya sala vilivyoliwa na mchwa nachoma. Matawi mpelekee katekista kabla ya Jumatano ya Majivu maana majivu yenyewe yanatokana na matawi ya mwaka uliopita, sisi WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) huwa tunatangaza wiki mbili kabla na watu wanaleta mafungu mafungu.

Na majivu anapakwa yeyote, mtoto mchanga, asiyebatizwa, aliye kwenye ndoa isiyo ya kanisani. Sio sakramenti. Nimewahi kumuona mama mmoja anarudi nyuma kwenye mstari kwa sababu hana ndoa ya kanisani, nikamshika mkono nikarudi naye. Jumatano ya Majivu sio hata siku ya amri ya misa. Kufunga ndo amri, kuanzia miaka 18 mpaka kuanza ule wa 60, na kuacha nyama kuanzia 14.

---

kijana_wa_jumuiya (mleta uzi)

Wapendwa narudi baada ya wiki mbili. Samahani kwa kimya.

Nilimwambia mama jioni ile ile. Hakuniamini. Akasema nyie vijana mnataka kila kitu kiwe rahisi. Nikamsomea alichoandika mwalimu hapa juu kwenye simu, taratibu, nilipofika kwenye jina la Papa akanisimamisha. "Pius wa kumi na mbili? Yule yule wa wakati wangu?" Nikamwambia ndiyo mama, yule yule aliyekua Papa ulipopokea mara ya kwanza, miaka mitano tu baadae akabadilisha. Akakaa kimya muda. Akasema, "basi masista hawakupata barua". Ila siku ya kwanza hakukubali mpaka paroko mwenyewe alipomwambia nje ya kanisa, mama kunywa uji wako, kunywa dawa yako, uje.

Dominika hii tumeenda. Uji ameunywa saa kumi na moja alfajiri kwa makusudi, kasema aliyeruhusiwa ni mgonjwa lakini leo anajisikia vizuri. Wakati wa komunyo kanipa rozari nimshikie, kaenda mwenyewe na fimbo yake, nilitaka kumshika mkono akakataa.

Jumamosi jumuiya tumekubaliana kuanzia na kalenda ya misiba, nimeiandika kwenye karatasi kubwa tutaibandika ukutani kwa mwenyekiti. Na tumeorodhesha wagonjwa wetu walio ndani, wako saba, wawili hatukua tunawajua. Paroko atawapitia Ijumaa ya kwanza ya mwezi.